Kilomita 10,000 kutoka Lubumbashi hadi Guangzhou: jinsi ninavyohesabu saa

Kila mwaka, wiki chache kabla ya maonyesho makubwa ya biashara ya Canton, yaani Guangzhou kule China, ya mwezi wa nne, watu huanza kubisha hodi kwangu Katuba na swali lilelile: "Mama, kutoka hapa mpaka Guangzhou ni saa ngapi?" Wanakuja akina mama wauza viatu, vijana wa vifaa vya simu, wenye maduka ya vitambaa wa komini ya Kenya hapahapa Lubumbashi. Wanajua nimekwenda huko kwa biashara kwa miaka mingi, na wanataka niwatajie namba moja waondoke nayo. Siwatajii. Nawaomba waketi, naleta daftari, tunahesabu pamoja. Mfanyabiashara asiyejua saa za safari yake ataumia hata kama bei za kule anazijua zote kwa kichwa.

Tuanze na kilomita, maana ndizo rahisi. Ukichora mstari mfupi kuliko yote kati ya uwanja wa ndege wa Luano hapa Lubumbashi na ule wa Baiyun wa Guangzhou, utapata kama kilomita 10,100. Ungepita juu ya Tanzania, ukatokea baharini karibu na Zanzibar, ukaikata Bahari ya Hindi, ukagusa kusini mwa India, kisha Ghuba ya Bengal, Myanmar, Laos na Vietnam, ukaingia China. Hakuna ndege inayopita njia hiyo moja kwa moja. Si kwamba ndege zimeshindwa: kuna ndege inayotoka Singapore hadi New York bila kutua, zaidi ya kilomita 15,000. Kinachokosekana Lubumbashi ni abiria wa kutosha wa kuijaza ndege kama hiyo kila mara. Kwa hiyo sisi hukusanywa, sisi na watu wa miji mingine ya Afrika, tunapelekwa kwenye mji mmoja, na huko ndiko tunakopakiwa pamoja kwenye ndege kubwa ya China.

Kwa wengi wetu mji huo ni Addis Ababa. Kutoka Luano hadi Addis ni kama kilomita 2,600, na kutoka Addis hadi Guangzhou ni kama 8,040. Jumla ni 10,640. Ukilinganisha na ule mstari wa moja kwa moja, umezunguka kama kilomita 540 tu, ambazo kwa ndege hazifiki hata dakika arobaini. Kupitia Nairobi unazunguka kidogo zaidi ya kilomita 100, maana Nairobi haiuachi sana mwelekeo wa ule mstari. Kupitia Johannesburg ndipo unapopotea: unashuka kusini kilomita 1,600, kisha unaanza kupanda tena kwenda Asia, na safari nzima inapita kilomita 12,000.

Mtu akisikia hayo anasema, basi Nairobi ndiyo njia fupi, nipitie huko. Hapo ndipo namzuia. Tofauti ya kilomita 400 kati ya Nairobi na Addis ni nusu saa ya angani. Kusubiri kwenye uwanja kunaweza kuwa saa nne, kunaweza kuwa saa kumi na tisa, na kunategemea siku uliyochagua kusafiri. Mwendo wa ndege karibu zote ni mmoja, kama kilomita 850 hadi 900 kwa saa ikishafika juu. Kwa hiyo muda wa angani haubadiliki sana ukichagua kampuni hii au ile. Wewe chagua muda wa kusubiri. Uliza pia kama ndege inatua mji mwingine njiani kabla ya kufika unakobadilishia. Kutua huko mara moja, kushusha watu na kupakia wengine, kunakula saa nzima na zaidi, na kwenye karatasi ya tiketi kumeandikwa kwa herufi ndogo.

Hesabu yenyewe ya angani ninaifanya hivi: nagawa kilomita kwa 850, kisha naongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Kilomita 2,600 zinakuja saa tatu na nusu na kitu. Kilomita 8,040 zinakuja karibu saa kumi. Tayari una saa kumi na tatu na nusu za kukaa kwenye kiti. Hesabu hii haijawahi kuniangusha kwa tofauti kubwa, na ni nzuri kwa mji wowote: Lubumbashi hadi Kinshasa ni kama kilomita 1,560, gawa, ongeza nusu saa, unapata saa mbili na dakika ishirini, na ndivyo ilivyo.

Kazi kubwa ni saa zilizoandikwa kwenye tiketi. Mwaka jana alinijia kijana wa jirani anayeuza kava na chaja za simu. Alikuwa amepewa ratiba na ofisi ya tiketi, akaja nayo mkononi akiwa na hasira. "Mama, hawa watu wananidanganya. Kwenda ni siku nzima, kurudi ni nusu siku. Kwa nini nilipie ndege inayochelewa hivi?" Nikamwambia, "Keti, mwanangu, tuiandike."

Ratiba hubadilika kila msimu, kwa hiyo chukueni hii kama mfano. Kwenda: kuondoka Lubumbashi 14:30, kufika Addis 19:10, kuondoka Addis 23:55, kufika Guangzhou kesho yake 14:45. Kurudi: kuondoka Guangzhou 00:30, kufika Addis 06:30, kuondoka Addis 10:00, kufika Lubumbashi 12:40 siku hiyohiyo. Ukitoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, kwenda kunaonekana ni saa 24 na robo, na kurudi ni saa 12 na dakika kumi. Kijana alikuwa ametoa vizuri. Ila kila saa kwenye tiketi imeandikwa kwa saa ya mji wake. Addis wako mbele yetu kwa saa moja. Guangzhou wako mbele yetu kwa saa sita, na China nzima, pamoja na ukubwa wake wote, inatumia saa moja hiyohiyo.

Tukachora safu mbili kwenye daftari. Upande wa kushoto aliandika kilichoandikwa kwenye tiketi, upande wa kulia aliandika ilikuwa saa ngapi hapa nyumbani wakati huo. Kufika Addis 19:10, huku kwetu 18:10. Kuondoka Addis 23:55, huku 22:55. Kufika Guangzhou 14:45, huku bado ni 08:45 asubuhi. Sasa alihesabu safu ya kulia peke yake: kutoka 14:30 hadi 08:45 ni saa 18 na robo. Tukafanya kurudi. Guangzhou 00:30 ni huku 18:30 ya jioni iliyotangulia. Kutoka hapo hadi 12:40 ni saa 18 na dakika kumi. Akanyamaza akiangalia namba mbili alizoziandika mwenyewe kwa mkono wake, karibu sawa kabisa. "Njo vile," akasema, akakunja karatasi yake akaiweka mfukoni.

Ninachowaambia wote ni hicho: shika saa moja tu, ya nyumbani, toka unafunga mlango wako mpaka unafungua mlango wa hoteli. Usibadili saa ya mkononi Addis. Simu itabadilika yenyewe, iache, lakini moja ibaki na saa ya Lubumbashi.

Kuna mtu makini atauliza: mbona safari ya angani ya kurudi ni ndefu? Kwenye mfano wangu, Addis hadi Guangzhou ni saa 9 na dakika 50, na kurudi ni saa 11. Kilomita ni zilezile. Nimesikia watu wakieleza kwamba dunia inazunguka chini ya ndege. Sivyo, kwa sababu hewa nayo inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Sababu ni upepo. Juu kule, kama kilomita kumi na zaidi kutoka ardhini, kuna mito ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na mmoja wao hupita upande wa kaskazini mwa India na kusini mwa China, hasa miezi ya baridi yao. Kwenda, upepo unaisukuma ndege mgongoni. Kurudi, ndege inaukabili, au rubani anauzunguka. Ndiyo maana anayerudi mwezi wa kwanza au wa pili anaweza kukaa angani muda mrefu kuliko anayerudi mwezi wa saba.

Sasa jambo ambalo limewatesa watu wengi kuliko yote: tiketi ya 00:30. Tiketi inasema tarehe 12, saa 00:30. Mtu anakula chakula cha jioni tarehe 12, anafunga mizigo bila haraka, anafika uwanjani usiku, ndege yake iliondoka usiku uliotangulia. Namjua mama mmoja, mtu makini sana katika hesabu zake za duka, aliyelazimika kununua tiketi nyingine kwa hela aliyokuwa ameiweka kwa mzigo. Kiswahili chetu kina namna nzuri ya kulisema jambo hili, na ninaitumia kila mara: hiyo ni ndege ya usiku wa kuamkia tarehe 12. Yaani tarehe 11, ukimaliza chakula cha jioni, uko njiani kwenda uwanjani. Nikimwandikia mtu ratiba yake siandiki 00:30 kamwe. Naandika: "Tarehe 11 jioni, saa mbili, uwe umetoka hotelini."

Na ukilala Addis kwa sababu ndege ya kuunganisha ni ya kesho, jua kwamba Waethiopia huhesabu saa kuanzia mapambazuko, kama Waswahili. Dereva akikwambia kwa Kiingereza atakuchukua "three o'clock" asubuhi, anaweza kumaanisha 09:00. Kwenye mbao za uwanja saa zimeandikwa za kimataifa. Mwombe dereva akuandikie, au akuonyeshe kwenye simu yake.

Nimefika kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote katika hesabu hizi. Mtu aliyeko Guangzhou anataka kujua nyumbani ni saa ngapi, apige simu. Huanza kuhesabu vidole, kutoa sita, kuvuka usiku wa manane, kuchanganyikiwa. Hakuna haja. Angalia saa ya mishale iliyo ukutani hotelini, isome namba inayoonyeshwa na mshale mfupi, uitaje kwa Kiswahili. Hiyo ndiyo saa ya Lubumbashi. Mshale uko kwenye 1, ni saa saba ya mchana Guangzhou, na Lubumbashi ni saa moja asubuhi, watoto wanatoka kwenda shule. Mshale uko kwenye 9 usiku, Lubumbashi ni saa tisa alasiri. Mshale uko kwenye 2 na nje kumenyamaza, ni usiku wa manane kule, na nyumbani ni saa mbili usiku, wamemaliza kula bukari.

Sababu yake ni nyepesi. Guangzhou wametutangulia saa sita, na hesabu ya saa ya Kiswahili inaachana na namba za kwenye saa kwa sita vilevile. Sita hizo mbili zinakutana. China hawasogezi saa majira ya joto kama Ulaya, na sisi Kongo hatusogezi, kwa hiyo hesabu hii ni ya mwaka mzima. Inawafaa pia wa Goma na Bukavu, wanaotumia saa moja na sisi. Wa Kinshasa wapunguze moja, wa Dar es Salaam waongeze moja. Niliwafundisha wanangu jambo hili siku moja jikoni, kwa saa ya zamani ya ukutani, na tangu hapo hawajanipigia tena saa nane za usiku kuniuliza kama nimeamka. Ila hakikisheni kabla ya kuondoka mmekubaliana mtapigiana kwa njia gani, kwa sababu WhatsApp imefungwa China. Sisi nyumbani tunatumia WeChat.

Saa hizo sita zina kazi nyingine, na hapa ndipo biashara inapoingia. Mwili wako haukushuka Baiyun pamoja na wewe. Uko bado Katuba. Ukienda kuonana na mwenye kiwanda saa tatu asubuhi ya Guangzhou, mshale uko kwenye 9, kwako ni saa tisa usiku. Nani anasaini karatasi ya dola elfu kadhaa saa tisa usiku? Nani anahesabu katoni, anapima ngozi ya kiatu, anauliza mara ya pili kuhusu soli, saa tisa usiku? Wenye viwanda wa kule wamelala kitandani mwao, wamekunywa chai, wako macho kabisa. Nimekaa kwenye meza za Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara Waafrika kule Guangzhou, nikaona mwenzangu anatikisa kichwa kukubali kila kitu, macho mekundu, kwa sababu tu alitaka yaishe akalale.

Kwa hiyo nina sheria yangu na siivunji: siku ya kufika na siku inayofuata silipi hela yoyote isipokuwa ya hoteli na chakula. Natembea, naangalia, nachukua bei, naandika. Asubuhi natoka nje kwenye mwanga hata kama miguu inakataa, kwa sababu mwanga wa asubuhi ndio unaouvuta mwili uje kwenye saa mpya. Mchana silali zaidi ya nusu saa. Madaktari wanasema mwili huhitaji kama siku moja kwa kila saa moja ya tofauti, na kwamba kwenda mashariki ni kugumu kuliko kurudi magharibi, kwa sababu unalazimishwa kulala kabla usingizi haujafika. Kwangu mimi siku ya tatu ndiyo siku ya kwanza ninayojiamini nikiwa na kalamu mkononi.

Hapo angalieni kalenda ya maonyesho ya Canton. Yanafanyika mara mbili kwa mwaka tangu 1957, majira ya kuchipua na majira ya vuli, na kila mara yanagawanywa awamu tatu, kila awamu na aina zake za bidhaa. Awamu moja ni siku tano. Anayefika siku awamu yake inapofunguliwa amekwisha kupoteza mbili za usingizi, na zile tatu zilizobaki atagombania nafasi na dunia nzima. Fika siku mbili au tatu kabla. Hoteli itakugharimu kidogo, najua, na najua jinsi kila dola inavyouma. Lakini mzigo mbaya wa kontena nzima unauma zaidi, na unauma miezi mingi.

Yaya wangu, mkubwa wangu wa kuzaliwa, tulisafiri naye akiwa na dawa za presha za kila siku. Kabla hatujaondoka tulimwendea daktari wake, tukamwonyesha ile safu ya kulia ya daftari, na yeye ndiye aliyetupangia vidonge vimezwe lini njiani na lini avisogeze kufuata saa ya kule. Mwenye dawa yoyote, hasa ya sukari, asikisie mwenyewe. Apeleke ratiba yenye saa za nyumbani kwa daktari. Na dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, maana sanduku linaweza kubaki Addis siku mbili.

Saa nyingine ambazo tiketi haizitaji ni za ardhini. Kutoka Katuba hadi Luano, Go-Pass (ada ya uwanja wa ndege), kuangalia kadi ya njano ya chanjo, kupima mizigo: mimi natoka nyumbani saa nne kabla ya ndege. Baiyun, kuna foleni ya kuchukuliwa alama za vidole na kugongewa pasipoti, kungojea sanduku, kisha metro ya njia namba 3 kuingia mjini, kubadilisha, hadi Xiaobei. Weka saa tatu bila kusitasita. Ukijumlisha, zile saa 18 na robo zinakuwa kama 25. Hiyo ndiyo namba ninayompa mtu mwishoni kabisa, baada ya daftari: siku moja na saa moja, mlango kwa mlango, kama kusubiri kwako Addis ni kufupi.

Kijana wa kava za simu alichukua ile ratiba tuliyoiandika. Aliacha nyingine ya bei nafuu iliyokuwa na saa kumi na tisa za kusubiri, akaongeza dola themanini, akapata ya kusubiri chini ya saa tano. Alifika Jumatano mchana, akaweka miadi yake ya kwanza ya kulipa Ijumaa alasiri. Kurudi alitua Luano saa sita na dakika arobaini mchana, na kama nilivyomwambia, wiki ile ya kwanza alikuwa anaamka saa nane za usiku akiwa macho kabisa. Nilimshauri asigombane na usingizi. Saa hizo aziandikie hesabu: kila katoni, kila bei, jina la kila kiwanda, kabla hajasahau. Kontena lake lilikuwa bado baharini likielekea Dar es Salaam, na baada ya hapo lingesafiri kwa lori kama kilomita 2,000 kupitia Tunduma na Zambia hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo. Alikuwa na muda wa kutosha kumaliza daftari.